Tuta la mama limeota unga mweupe: niongeze uria, niweke chokaa au nibomoe?

"Shikamoo bibi shamba. Naishi Tanga, upande wa Sahare, nyumba haiko mbali na bahari. Chini kwetu ni mwamba wa matumbawe, jembe likizama kiganja kimoja linagonga jiwe. Mwezi wa kumi nilimjengea mama yangu matuta matatu ya bloku, maana magoti yanamsumbua na kuinama hawezi. Kila tuta lina urefu wa mita 3, upana mita 1.2, kimo bloku tatu. Chini nilimwaga kokoto ili maji yasituame, juu nikajaza mbolea ya kuku wa nyama na udongo mweusi wa kuletwa na kirikuu, nusu kwa nusu. Mchicha wa kwanza ulitoka vizuri mpaka tukagawia majirani. Baadaye nikapanda nyanya, pilipili hoho na sukuma wiki. Sasa majani yana umanjano, kingo zake zimekauka rangi ya kahawia kama zimeunguzwa, na ikifika saa saba mchana mimea yote inalala, ingawa mama anamwagilia kila siku ndoo moja ya lita 20 kwa kila tuta, nusu asubuhi nusu jioni, maji ya kisima cha hapa nyumbani. Udongo umeshuka karibu shubiri nzima na juu yake kuna unga mweupe. Duka la pembejeo wanasema ni njaa, niongeze uria. Nimeshanunua kilo tano. Jirani aliyetoka Lushoto anasema udongo umechachuka, niweke chokaa. Mama anasema matuta haya ya kwenye simu si ya huku kwetu, nibomoe tulime chini kama zamani. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mwanangu. Kati ya hao watatu mama yako ndiye aliyekaribia zaidi, ila na yeye usimfuate mpaka mwisho. Usibomoe. Na kabla hujaendelea kusoma, uria uweke kando na chokaa usinunue. Vyote viwili kwa sasa vitaiumiza mimea ambayo tayari imeumia.

Umeeleza mambo mengi, na unga mweupe ukautaja mwishoni kama kitu cha kupita. Kwangu mimi huo ndio shahidi wa kwanza. Kitu cheupe kinachojitokeza juu ya udongo siku za jua, kikawa kingi zaidi pembeni mwa tuta na juu ya mabonge yaliyoinuka, kikapotea mama akimwagilia na kurudi udongo ukikauka, ni chumvi. Ukungu nao huwa mweupe, lakini una nyuzi kama pamba na hupenda kivuli. Huo wako ni wa juani, na ukiusugua kwa vidole unakwaruza.

Chumvi hiyo imeingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni mbolea ya kuku. Kuku hana mkojo wa peke yake kama ng'ombe. Vyote vinatoka pamoja na kubaki palepale kwenye maranda, na chakula cha kuku kina chumvi ndani yake, kwa hiyo mbolea yake ni kali kwa naitrojeni na kali kwa chumvi. Hiyo mbolea ni nzuri sana, mimi naitumia, lakini kama kiungo. Debe moja lililokaa likaoza mpaka halinuki, kwa madebe tisa au kumi ya udongo na mboji. Wewe umeweka nusu kwa nusu. Mchicha wa kwanza ulifurahi kwa sababu mchicha ni mlafi wa naitrojeni na huvumilia chumvi kiasi, tena ulikuta mvua za vuli zinausaidia kusuuza. Vuli ilipokwisha, nyanya na hoho zikaachiwa bili.

Mlango wa pili ni kisima. Huku ufukweni maji baridi ya ardhini, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, ingawa mpaka wake si mkali kama huo. Masika tabaka la juu linanenepa, kaskazi linakonda. Ukivuta maji kila siku wakati limekonda, ya chini yanapanda. Ndiyo maana utawasikia wazee wanasema kisima hiki ni kitamu mwezi wa sita na kina ukakasi mwezi wa pili. Chai ya kisima hicho mama anaionaje siku hizi? Muulize, ulimi wake umekijua kisima miaka mingi.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana bila hesabu jambo hili halionekani. Chumvi ya maji hupimwa kwa kipimo cha EC, na namba yake husomwa kwa desisimensi kwa mita. Maji ya kumwagilia yenye EC chini ya 0.7 hayana tatizo. Kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu, na kadiri yanavyopanda ndivyo uangalifu unavyozidi. Juu ya 3 ni hatari kwa mboga nyingi. Chukulia kisima chako kina 1.5, kiwango ambacho mtu anaweza kunywa na akasema maji hayana neno. Maji hayo yana takriban gramu moja ya chumvi kwa kila lita. Ndoo yako ya lita 20 ina karibu gramu 19, kama vijiko vitatu vya chai. Mama anamwaga ndoo moja kwa tuta kila siku. Mwezi ukiisha ameshamwaga zaidi ya nusu kilo ya chumvi ndani ya tuta moja, na maji yamepaa yote lakini chumvi haijapaa hata punje.

Maji yamepaa yote, na hapo ndipo penye kosa. Tuta lako lina mita za mraba 3.6. Lita 20 zikitandazwa hapo ni kina cha milimita tano na nusu hivi, na jua la mwezi wa pili hapa Tanga, na upepo wa kaskazi, linanyonya kiasi hichohicho kwa siku. Kwa hiyo maji ya mama yanaingia, yanafika chini kidogo, kisha yanapandishwa tena juu na jua na kuacha mzigo wake pale. Hakuna tone linaloshuka mpaka chini likatoke na chumvi. Umewahi kuona mashamba ya chumvi ya pwani yetu: maji ya bahari huingizwa kwenye bwawa la kina kifupi, jua likafanya kazi yake, watu wakaja na koleo kukusanya. Wewe umelijenga moja la bloku mbele ya jiko la mama.

Kwa nini basi mmea ulale na udongo umelowa? Fikiria kachumbari. Kitunguu kinakatwa, kinanyunyiziwa chumvi, unageuka kukata nyanya na ukirudi bakuli lina maji. Hakuna aliyeyatia. Yametoka ndani ya kitunguu yakaifuata chumvi. Mzizi unanyonya maji kwa sababu utomvu wake ni mzito kuliko maji ya udongoni, na maji huelekea kwenye uzito. Udongo ukizidi chumvi, uzito unahamia nje. Mzizi umekaa ndani ya maji na hauwezi kuyavuta, au unayavuta kwa shida, na saa saba mchana jani linahitaji zaidi ya mzizi unavyoweza kupeleka. Mmea unalala. Mama anauona umelala, anaongeza nusu ndoo. Vijiko vingine vya chumvi hivyo.

Zile kingo zilizoungua ni hadithi hiyohiyo. Kidogo kinachofanikiwa kuingia kinasafiri na maji mpaka ncha za jani, maji yanatoka, chumvi inabaki hapo na kuchoma. Ila chunguza jambo moja: je, majani yaliyoungua yako upande mmoja tu, ule unaotazama bahari? Kama ndivyo, sehemu ya lawama ni ya upepo unaobeba rasharasha za maji ya bahari, na uzio wa makuti upande huo utakusaidia.

Nije kwa mtu wa duka. Hakukudanganya kwa makusudi. Umanjano na njaa ni marafiki wa zamani. Lakini majani hayawi manjano kwa sababu moja. Njaa ya naitrojeni huanzia majani ya chini, yaliyozeeka, na jani lote hupauka sawasawa, kwa sababu mmea unahamisha chakula kutoka kwa wazee kwenda kwa watoto. Ukiona majani machanga ya juu ndiyo manjano na mishipa yake imebaki kijani, kama ramani, hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Na manjano yenye kingo za kahawia, juu ya udongo wenye unga mweupe, mara nyingi ni chumvi. Uria ni naitrojeni asilimia 46, na kwenye maji ya udongo nayo ni mzigo mwingine juu ya mzigo. Tena kwenye udongo wa chokaa kama wa kwenu sehemu yake hugeuka gesi ya amonia na kupotea hewani, kwa hiyo unalipa, unachoma mizizi, na mbolea yenyewe inaruka.

Jirani wa Lushoto naye namwelewa kabisa, maana na mimi nilitokea hukohuko kwenye ushauri wa milimani. Udongo mwingi wa Usambara una mvua nyingi na uchachu, chokaa huko ni dawa. Nilipoteremka pwani mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilijaza mistari ya pilipili mbuzi mbolea mbichi ya kuku na kunyunyiza chokaa juu, kama nilivyozoea. Baada ya wiki tatu mwenye shamba, mzee mmoja mpole sana, aliniita akanionyesha miche iliyokauka, akasema, "Mwanangu, hapa unapokanyaga ni chokaa." Kweli. Mwamba wa Tanga ni wa chokaa na matumbawe, na kiwanda cha saruji hakikujengwa Pongwe kwa bahati. Bloku zako mpya zenyewe zinatoa chokaa kidogo kila zinapolowa, na yawezekana kisima nacho kinatoka kwenye mwamba huohuo. Kuongeza nyingine ni kufungia chuma isipatikane. Ukitaka kutumia chokaa, paka kuta za tuta kwa nje: nyeupe hurudisha jua, na bloku za rangi ya saruji saa nane mchana zina joto ambalo ukiweka kiganja utakiondoa, na upande wa ndani kuna mizizi. Au acha matembele yaanguke kutoka ukingoni yafunike ukuta, hiyo ni bure na inaliwa.

Kokoto. Hapa najua nitawaudhi wengi, kwa sababu kila mafunzo ya matuta na makopo yanaanza na "weka mawe chini." Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, iloweshe, ishike imelala mpaka iache kudondosha. Halafu isimamishe wima. Itadondosha tena. Maji hayakuongezeka, ulichobadilisha ni kimo. Udongo ni sifongo: chini kabisa hubaki na tabaka lililoshiba, na maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe mpaka tabaka hilo lishibe kabisa. Ukiweka kokoto hujaondoa tabaka hilo, umelipandisha tu karibu na mizizi na kupunguza kina cha udongo. Hata hivyo usihangaike kuzitoa leo. Jambo la maana ni kama maji yana pa kutokea, kwa hiyo kagua chini ya ukuta. Kama fundi hakuacha matundu, toboa manne kwa kila tuta, mawili kila upande mrefu, chini kabisa usawa wa kokoto. Bila matundu hayo ninayokueleza mbele hayatafanya kazi vizuri.

Sasa mama na matuta ya kwenye simu. Mama ana hoja kubwa. Tuta la kuinuliwa limesifiwa sana na watu wa nchi za baridi, kwa sababu kwao udongo wa chini hukaa na maji ya theluji na baridi mpaka mwezi wa nne au wa tano. Ukiinua udongo unakauka mapema na kupata joto mapema. Hebu soma tena: unakauka mapema na kupata joto mapema. Hivyo ndivyo tusivyovitaka Tanga mwezi wa pili. Huku wakati wa kaskazi anayelima kwenye mchanga anafaidika zaidi na tuta la kuzama, shimo la kina cha kiganja lenye kingo, linalokusanya kila tone na kukaa baridi. Kuinua ni dawa ya maji mengi, kwa hiyo anayekaa bondeni ambako masika maji yanasimama ainue.

Lakini wewe una sababu mbili nzuri za kuinua ambazo hazihusiani na maji: mwamba hauna udongo juu yake, na magoti ya mama. Ukibomoa utampa mama kiganja kimoja cha udongo na maumivu ya mgongo. Kwa hiyo acha ukuta, ubadilishe kilichomo ndani. Kule kushuka kwa udongo kulikokutia hofu ni samadi na maranda yanaoza, kama inavyotakiwa, na kumekufanyia jambo ambalo ningekuambia ulifanye: sasa una tuta la juu lenye uso wa kuzama. Ukuta wa sentimita 69, toa kokoto, toa shubiri, umebakiwa na udongo wa sentimita 35 hivi. Unatosha mboga. Usijaze tena mpaka ukingoni. Ongeza ndoo chache za udongo wa kawaida na mboji iliyoiva, bila kuku, kisha acha uso uwe chini ya ukingo kwa upana wa kiganja na usawazishwe kama meza. Mabonge yaliyoinuka ndiyo utambi unaovuta chumvi juu.

Ndani ya bakuli hilo tandaza matandazo mazito: nyasi kavu, majani ya mwarobaini, makuti yaliyokatwakatwa. Usumba wa nazi ni mzuri mno kwa kushika maji, ila uulize umetoka wapi. Yale makumbi ambayo akina mama huyafukia kwenye tope la pwani kwa miezi ili wapate kamba, yamelala ndani ya bahari. Usumba wake uloweke kwenye maji baridi na kuyamwaga mara tatu kabla haujaingia bustanini. Mchanga wa ufukweni usiulete kabisa, hata ukiwa umeoshwa na mvua, una makombe na makombe ni chokaa.

Kumwagilia ndiko kutakakobadilika zaidi, na mama atakuona kama umechanganyikiwa. Acha nusu ndoo asubuhi na nusu jioni. Mwage ndoo tatu kwa mpigo kwa kila tuta, siku moja ndiyo siku moja hapana, jioni jua likipoa, polepole, kwenye udongo na si kwenye majani. Ndiyo, hapo utakuwa umeingiza chumvi nyingi zaidi kuliko mwanzo. Lakini maji yaliyozidi mahitaji ya mimea yatashuka, yatatokea matunduni, na yatatoka na mzigo wao pamoja na wa zamani. Ukiona matundu yanalia kidogo baada ya ndoo ya tatu, umepatia. Kama nyumbani kuna maji ya bomba, nusu ya kisima na nusu ya bomba hupunguza chumvi ya kisima karibu nusu, na bili haitakuua. Miche michanga peke yake ndiyo utakayoimwagilia kila siku, na hiyo iote kwenye trei kwa maji ya bomba au ya mvua tupu, kwa sababu mbegu inayochipua haina ubavu wa kupambana na chumvi.

Dawa yenyewe, hata hivyo, ni masika. Ili kupunguza chumvi kwa nusu katika udongo wa kina cha sentimita 30 unahitaji maji masafi ya kina cha sentimita 15 yapite juu mpaka chini. Kwa tuta lako hizo ni lita 540, ndoo 27. Kwa matuta matatu ni ndoo 81, na kuvuka nusu kwenda robo tatu ni nyingi zaidi ya hapo. Mwezi mmoja wa masika mazuri, wa nne au wa tano, huleta maji hayo bila ndoo. Kwa hiyo mvua zikianza, ondoa matandazo kwa muda, hakikisha matundu yako wazi na uso uko sawa, usipande kitu cha maana, uache mvua isuuze. Hapo ndipo utakaposhukuru kwamba tuta limeinuliwa: lililo chini lingejaa maji, lako litachuja.

Na tega maji kwa ajili ya kaskazi ijayo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 10, hata ukitoa yanayomwagika, linakupa kama lita 500. Gata upande mmoja wa nyumba na pipa mbili tatu hazigharimu kama matuta yalivyogharimu. Mvua ya kwanza ya msimu iache ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha kunguru.

Mpaka masika yafike, panda kinachoweza. Maharage, karoti, vitunguu na biringanya ni dhaifu sana mbele ya chumvi, huanza kupunguza mavuno udongo ukifika EC ya 1 na kitu. Pilipili hoho 1.5, ndiyo maana zako zilianguka kwanza, sivyo? Nyanya 2.5. Kunde huvumilia mpaka karibu 5, na majani yake ni mboga, kwa hiyo ningepanda kunde. Mchicha tena, na ile spinachi ya majani mapana yenye shina nene. Hoho zing'oe, usizionee huruma. Nyanya zilizokwisha kushika matunda ziache, mara nyingi hutoa nyanya ndogo lakini tamu kweli.

Kabla hujaniamini mimi niliye mbali, fanya majaribio mawili nyumbani. Chemsha lita moja ya maji ya kisima kwenye sufuria safi mpaka yakauke polepole, na lita ya bomba kwenye nyingine, ulinganishe mabaki. Dondoshea siki. Kinachotoa povu ni chokaa, kisichotoa povu kikayeyuka kwenye maji ni chumvi. La pili, ng'oa nyanya moja iliyolala, taratibu, na mizizi yake yote, uisuuze. Kama mizizi ina vinundu vilivyovimba ambavyo ni sehemu ya mzizi wenyewe, usivyoweza kuvibandua, una minyoo fundo, na chumvi ni nusu tu ya habari. Usivichanganye na vinundu vya kunde, vile hubanduka ukivisugua na ni vya heri. Halafu kata shina karibu na ardhi, kipande cha kidole kimoja, likitumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji safi ulishike bila kutikisa dakika tano. Ukiona uzi wa maziwa unateremka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Sitarajii uuone, kwa sababu mnyauko huua mmea ukiwa bado kijani, wala haulazi mboga za kila ukoo kwa pamoja. Lakini ukiuona, acha haya yote, usihamishe udongo kwenda tuta jingine, na mwite afisa ugani wa kata aje aone kwa macho.

Mwite pia kama baada ya masika unga mweupe unarudi ndani ya wiki chache, au kama mama anasema kisima kimekuwa hakinyweki. Na kwa vyovyote ningependa upime. Kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kiko Muheza, mwendo mfupi tu kutoka mjini, na udongo ndiyo kazi yao. Chukua udongo sehemu tano za tuta kwa kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, peleka nusu kilo. Maji uyachukue kwenye chupa iliyosuuzwa mara tatu kwa maji ya kisima hichohicho. Waombe EC na pH, yaani kipimo cha uchachu, na waambie ni bustani ya mboga, si mkonge. Ukipata namba nitumie, tutaongea kwa uhakika zaidi kuliko leo.

Kuhusu zile kilo tano za uria: zifunge vizuri, zisipate unyevu. Mvua inayosuuza chumvi inasuuza na naitrojeni, kwa hiyo usishangae mwezi wa sita mchicha mpya ukipauka majani ya chini. Safari hiyo mtu wa duka atakuwa amesema kweli. Gramu 10 kwa mita moja ya mraba, zifukiwe kidogo na kumwagiliwa papo hapo, kisha usubiri wiki mbili kabla ya kugusa mfuko tena. Matuta matatu yatakula gramu 100 na ushee. Kilichobaki mpe jirani wa Lushoto, nadhani ana mahindi.